Muuguzi Mhusika Katika ICU: Dhamana Isiyoisha na Zamu

Mgonjwa aliyelazwa ICU, wodi ya wagonjwa mahututi, kwa siku 10, katika wodi yenye zamu za saa 12, hukabidhiwa kutoka mkono hadi mkono karibu mara 20. Ratiba ikipangwa kwa kuangalia tu nani yupo kazini siku hiyo, mgonjwa huyo anaweza kuhudumiwa na wauguzi 15 tofauti kabla hajatoka. Kila mmoja ni mjuzi, amekaa naye zamu nzima, ametoa ripoti safi. Lakini uliza nani aliamua kwamba wiki hii mgonjwa aanze kukalishwa, nani alitambua kwamba huweweseka kila ikifika saa tisa usiku, nani atajibu kisigino kikichubuka. Hupewi jina la mtu. Unaambiwa tu kwamba wodi nzima inamshughulikia.

Pengo hilo ndilo mfumo wa muuguzi mhusika unalokuja kuziba. Muuguzi mmoja, mwenye jina linalojulikana na mgonjwa, ndugu na madaktari, anashika dhamana ya uuguzi wa mgonjwa huyo tangu anapokabidhiwa hadi mgonjwa anapotoka ICU, awe kazini au awe nyumbani amelala. Wengine wanaomhudumia mgonjwa yuleyule katika zamu nyingine ni wauguzi wenza, nao hufuata mpango alioupanga yeye.

ICU ndiyo wodi inayojidanganya kwa urahisi zaidi katika jambo hili, na sababu imo katika historia yake. Mwaka 1952 polio ilipoikumba Copenhagen, daktari wa usingizi Bjørn Ibsen alishauri wagonjwa waliopooza misuli ya kupumua watobolewe tundu shingoni na kusukumiwa hewa kwa mkono. Mamia ya wanafunzi wa udaktari walipokezana usiku na mchana wakibonyeza mifuko ya hewa, kila mmoja na mgonjwa wake. Mwaka uliofuata Ibsen akaanzisha mjini humo wodi inayohesabiwa kuwa mwanzo wa ICU za leo. Kwa hiyo kukaa kando ya mgonjwa mmoja au wawili ni desturi ya ICU tangu kuzaliwa kwake, na ndiyo maana wengi husema mfumo huu tunao tayari. Hatuna. Tulicho nacho ni muuguzi wa zamu: akishatoa ripoti na kuondoka, maamuzi yake yanaondoka naye.

Mfumo wenyewe ulipata umbo mwishoni mwa miaka ya 1960 katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, kwa kazi ya Marie Manthey na wenzake. Wodi nyingi wakati ule ziligawana shughuli, au zilifanya kazi kwa timu: huyu anapima presha za wote, yule anagawa dawa, mwingine anaosha. Wao walibadilisha mambo manne. Dhamana ya maamuzi ya uuguzi wa mgonjwa apewe mtu mmoja, naye aikubali. Kazi ya kila siku igawanywe kwa wagonjwa, si kwa shughuli. Taarifa zipite moja kwa moja kati ya watu wanaohusika, si kupitia kwa mkuu wa wodi. Na aliyepanga uuguzi awajibike kwa ubora wake saa 24, siku 7 za wiki. ICU nyingi zina la pili. La kwanza ndilo linalokosekana, na bila hilo mengine matatu hayana pa kushika.

Nani anaamua nini

Kabla jina la muuguzi yeyote halijaandikwa ubaoni, wodi inahitaji karatasi moja inayoeleza mambo ambayo muuguzi mhusika anaamua mwenyewe, anayoamua pamoja na daktari, na yasiyo yake. Isainiwe na muuguzi mfawidhi na daktari mkuu wa ICU, wote wawili. Wodi nyingi hukiruka kipengele hiki kwa kuona ni urasimu. Matokeo yake huonekana mapema sana: muuguzi anapanga, daktari wa zamu anapangua asubuhi yake bila kumtafuta, na baada ya kupanguliwa mara tatu muuguzi anaacha kupanga. Jina linabaki ubaoni, dhamana imekwisha kufa.

Yaliyo yake mwenyewe ni mengi kuliko watu wanavyodhani. Ratiba ya kumgeuza mgonjwa na namna ya kumlaza. Usafi wa kinywa, utunzaji wa ngozi, wakati wa kuogeshwa. Saa za kumwacha alale bila kuguswa, ambazo katika ICU hazitokei zenyewe. Lazima mtu apange vipimo, dawa na usafi vifanywe kwa mkupuo mmoja ili muda wa saa nne au tano mfululizo usiku ubaki tulivu. Njia ya kuzungumza na mgonjwa ambaye mrija wa kupumulia umemziba sauti. Nani katika familia anaingia lini na anakaa muda gani. Kumkalisha na kumsimamisha, ndani ya mipaka aliyoweka daktari.

Ya kuamua pamoja ni kina cha usingizi wa dawa, kasi ya kumwachisha mashine ya kupumulia, tiba ya maumivu, siku ya kutoa katheta ya mkojo. Hapa muuguzi mhusika analeta kitu ambacho mwingine hana. Daktari ataandika lengo, tuseme alama 0 hadi -2 kwenye kipimo cha RASS cha fujo na kina cha usingizi, kile kinachoanzia +4 kwa mgonjwa mwenye fujo hadi -5 kwa asiyeamka hata akiguswa. Muuguzi aliyemfuatilia tangu siku ya pili anajua kwamba mgonjwa huyu akifika -1 huukamata mrija ikiwa hana miwani yake na hakuna wa kumwambia yuko wapi, na kwamba akivishwa miwani na kuelezwa hutulia bila dozi ya ziada. Taarifa kama hiyo hupunguza dawa. Na dawa za usingizi zikipungua, mgonjwa huachishwa mashine mapema zaidi.

Kutambua ugonjwa, kuandika dawa, kusitisha tiba: hayo si yake. Lakini kikao cha kuzungumzia kusitisha tiba kikifanyika bila yeye, kimekosa mtu anayejua familia imeelewa nini hadi jana. Kipangwe katika zamu yake.

Hesabu ya zamu

Pingamizi la kwanza kusikika huwa idadi ya wauguzi. Tuhesabu. Wiki ina saa 168. Muuguzi wa saa 36 kwa wiki anafanya zamu 3 za saa 12, kwa hiyo kitanda kimoja chenye muuguzi mmoja wakati wote kinahitaji wauguzi 4.7 kwa hesabu tupu. Ukiondoa asilimia 20 hivi ya muda kwa likizo, ugonjwa na mafunzo, wanakaribia 6. Idadi hiyo inahitajika kwa mfumo wowote ule. Muuguzi mhusika haongezi mtu hata mmoja. Anachobadilisha ni mpangilio wa walewale waliopo. Pale ambapo wodi ina upungufu mkubwa, muuguzi mmoja akiwa na wagonjwa wanne mahututi, tatizo la kwanza kutatuliwa ni hilo.

Hesabu hiyohiyo inaonyesha jambo la pili, na hili huwashtua wanaoanza. Wiki ina zamu 14. Muuguzi mhusika yupo katika 3, labda 4. Zamu 10 au 11 hayupo. Akiongezewa wenza wawili wa kudumu, watatu hao wanafunika zamu 9, lakini kwa sharti kwamba ratiba zao hazigongani. Wakipangwa wote Jumatatu na Jumanne, watatu wanafunika zamu mbili tatu tu, kisha mgonjwa anabaki na wageni hadi Ijumaa. Wapangwe kwa kupishana: mhusika mchana wa Jumatatu hadi Jumatano, mwenza wa kwanza usiku wa siku hizohizo, mwenza wa pili kuanzia Alhamisi. Anayepanga ratiba ya mwezi hawezi kujua nani atalazwa wiki ya tatu, kwa hiyo njia inayofaa ni kuunda vikundi vya wauguzi watatu au wanne ambao ratiba zao zimepishanishwa tayari, kisha mgonjwa akiingia anapewa kikundi, na ndani ya kikundi mmoja anakuwa mhusika.

Mahali wagonjwa wawili wanahudumiwa na muuguzi mmoja, vitanda vya kikundi kimoja viwe jirani. Muuguzi anakuwa mhusika wa mmoja na mwenza wa yule wa pili. Mhusika wa wagonjwa wawili kwa wakati mmoja anaweza kumudu. Watatu ni wengi mno, mipango itaandikwa juujuu.

Si kila mgonjwa anahitaji mhusika. Aliyetoka upasuaji wa moyo na anatarajiwa kuhamishwa kesho kutwa ahudumiwe kwa mpango wa kawaida wa wodi. Kigezo kinachofanya kazi ni matarajio ya kukaa zaidi ya saa 72: majeraha makubwa ya kichwa, nimonia kali iliyomfikisha kwenye mashine, sepsisi (mwili kuzidiwa na maambukizi) yenye figo zilizokwama, Guillain-Barré, ugonjwa wa neva unaopoozesha misuli. Uamuzi ufanywe ndani ya saa 24 za kulazwa, na anayeufanya awe kiongozi wa zamu kwa kushauriana na muuguzi anayepokea. Neno "kupokea" nimelitumia kwa kukusudia, kwa sababu dhamana aliyobandikwa mtu bila kuulizwa haibebeki. Muuguzi awe na haki ya kukataa mgonjwa, mathalani anapomfahamu nje ya hospitali au anapotoka tu kumpoteza mwingine aliyemtunza muda mrefu.

Na nani anafaa? Awe na uzoefu wa kutosha wa ICU kuweza kumhudumia mgonjwa wa mashine peke yake, awe anafanya angalau nusu ya muda kamili wa kazi, na awe anapatikana baadhi ya zamu za mchana, maana raundi na vikao vya familia hufanyika mchana. Anayefanya zamu za usiku tu ni mwenza mzuri sana. Kumfanya mhusika ni kumfungia nje ya mazungumzo yote yanayomhusu mgonjwa wake.

Kuna jambo moja viongozi wa zamu hulikosea mara kwa mara. Mgonjwa anazidiwa, anahitaji kulazwa kifudifudi au kuunganishwa kwenye mashine ya kusafisha damu, na mhusika wake hajawahi kuiendesha. Kiongozi anamwondoa na kumpa muuguzi mwenye ujuzi huo, jambo ambalo ni sahihi kabisa. Kosa ni kumwondolea na dhamana. Zamu ile inakwenda kwa mwenye ujuzi. Mpango, familia na mapitio ya wiki vinabaki kwa mhusika, na ikiwezekana akae karibu ajifunze. Aliyeshika kitanda leo na aliyeshika dhamana ya mgonjwa wanaweza kuwa watu wawili bila mgongano wowote, mradi wote wanajua hivyo.

Mpango unaosema kitu

Kwa kuwa mhusika hayupo zamu nyingi kuliko anazokuwapo, kinachomwakilisha ni karatasi. Mfumo mzima unasimama au kuanguka kwa ubora wa mpango wa uuguzi, na hapa ndipo ningewekeza nusu ya muda wote wa mafunzo.

Mistari kama "geuza kila baada ya saa 2", "safisha kinywa", "angalia ngozi" si mpango. Ni kanuni za wodi, kila mtu anazijua, na kuzinakili kwa kila mgonjwa kunawazoesha wasomaji kutosoma. Kichwa cha kitanda kuinuliwa nyuzi 30 hadi 45, shinikizo la puto la mrija kati ya sentimita 20 na 30 za maji: hivyo vibaki kwenye mwongozo wa wodi. Mpango uandike yale tu ambayo ni ya mgonjwa huyu na yangepotea kama asingeyaandika mtu.

Chukua mgonjwa aliye siku ya tisa kwenye mashine, nimonia upande wa kushoto, ana tundu la shingoni tangu juzi. Mpango wake unaweza kusomeka hivi: "Akilala ubavu wa kushoto oksijeni hushuka chini ya asilimia 88 ndani ya dakika 5. Mlaze ubavu wa kulia na chali kwa kupokezana, pembe ya nyuzi 30, mto mmoja mgongoni, mmoja kati ya magoti. Fyonza makohozi kwanza, mpe oksijeni kamili dakika 2, ndipo umgeuze. Kisigino cha kulia kina wekundu usiofifia ukibonyeza: kisiguse godoro, mto uanzie chini ya goti hadi juu ya kifundo. Huogopa anapofyonzwa, mwoneshe mrija wa kufyonzea, hesabu hadi tatu kwa sauti, mara moja tu kisha pumzika. Huitikia kwa kufumba macho mara moja kwa ndiyo, mara mbili kwa hapana. Lengo hadi Ijumaa: aketi ukingoni mwa kitanda dakika 10, mara 2 kwa siku, muuguzi na mtaalamu wa fiziotherapia wakiwa pamoja. Simamisha zoezi akipumua zaidi ya mara 35 kwa dakika au oksijeni ikishuka chini ya 88."

Muuguzi ambaye hajawahi kumwona mgonjwa huyu anaisoma kwa dakika mbili na anaweza kuanza kazi. Zingatia vitu vinne vilivyomo: sababu, kipimo, tarehe na kikomo. Lengo lisilo na tarehe halipitiwi upya. Agizo lisilo na sababu hubadilishwa na mtu wa kwanza mwenye mazoea tofauti.

Hapo ndipo linapoingia swali la mwenza: anaruhusiwa kubadilisha? Jibu ni ndiyo, hali ya mgonjwa ikibadilika. Usiku presha imeporomoka, zoezi la kuketi linasitishwa, mwenza anaandika saa, sababu na alichofanya badala yake. Mhusika akirudi anapitia, anakubali au anarejesha, na wanazungumza ana kwa ana au kwa simu ya wodi. Kisichoruhusiwa ni kubadilisha kwa sababu "mimi huwa nafanya hivi". Mstari huo usipochorwa mapema, mipango hubadilika kila baada ya saa 12 na mgonjwa anajaribiwa mitindo ya watu kumi.

Mpango wa kwanza uwe umeandikwa ndani ya saa 24 tangu mhusika kupokea mgonjwa. Baada ya hapo uguswe kila zamu anayokuwapo, na mara moja kwa wiki ukae mbele ya wote: mhusika, daktari, mtaalamu wa fiziotherapia, mtaalamu wa lishe akiwepo. Dakika 15 kwa mgonjwa zinatosha ikiwa mhusika ndiye anayeongoza na amekuja na swali lililoandikwa. Daktari akiongoza kikao hicho, kinageuka raundi ya pili, na uuguzi unapata dakika mbili za mwisho watu wakiwa wamesimama.

Familia

Ndugu wa mgonjwa mahututi huuliza swali moja kwa kila anayepita, kisha hulinganisha majibu. Zamu ya asubuhi ikisema "anaendelea vizuri" na ya usiku "hali bado ni mbaya", wote wawili wakiwa wakweli kwa kadiri ya walichokiona, familia inahitimisha kwamba inafichwa kitu. Muuguzi mhusika akutane nao ndani ya siku mbili za kwanza, wakiwa wameketi, mahali pasipo kelele za monita. Aseme wazi: "Mimi ndiye ninayesimamia uuguzi wa baba yenu kwa muda wote atakaokuwa hapa. Sitakuwapo kila siku. Nisipokuwapo, mwenzangu fulani anajua mpango, naomba mumuulize yeye. Habari za ugonjwa na matibabu atawaeleza daktari, nami nitakuwapo mnapozungumza naye." Sentensi ya pili ndiyo muhimu kuliko zote. Ahadi ya kuwapo daima huvunjika siku ya kwanza ya mapumziko, na imani iliyovunjika siku ya nne hairudi.

Kwao pia mhusika hukusanya vitu visivyo katika faili: mgonjwa anaitwaje nyumbani, anasikia kwa sikio gani, analala upande upi, anaogopa nini, muziki gani humtuliza. Haya hutumika. Mgonjwa anayeamka kutoka kwenye dawa akiitwa kwa jina analolizoea hutambua mapema zaidi kwamba anaongeleshwa yeye. Baadhi ya wodi, kwa desturi iliyoanzia nchi za Skandinavia, huweka daftari la kitanda ambamo wauguzi na ndugu huandika mistari michache ya kilichotokea kila siku, kwa lugha ya kawaida. Wagonjwa wengi hutoka ICU wakiwa na kumbukumbu zilizokatika au ndoto za kutisha wanazodhani zilitokea kweli, na daftari huwasaidia kuunganisha vipande. Lisimamiwe na mhusika. Likiachiwa kila mtu, hukoma ukurasa wa pili.

Mahali panapouma

Mfumo huu unaweka jina la mtu kwenye kazi ambayo zamani haikuwa na jina. Hilo linatisha, na ni haki kutisha. Ikiwa wodi ina mazoea ya kutafuta wa kulaumiwa, wauguzi watajilinda kwa kuandika mipango isiyosema kitu, kwa sababu mpango usiosema kitu hauwezi kuwa na makosa. Muuguzi mfawidhi ndiye mwenye ufunguo wa jambo hili. Mhusika akija kumuuliza "nifanyeje?", jibu la haraka ni kumwambia la kufanya, na kila jibu la namna hiyo linamrudishia mfawidhi dhamana aliyoigawa. Amuulize: wewe umeona nini, umefikiria njia zipi, ungechagua ipi na kwa nini. Uamuzi ukiwa salama, auache usimame hata kama yeye angefanya vingine. Ukiwa hatari, auzuie palepale na kueleza sababu, faraghani.

Kuna upande wa pili, muuguzi anayemfanya mgonjwa kuwa wake mno. Haamini wenza, anapiga simu kutoka nyumbani usiku, anakasirika mtu akibadilisha mto. Mara nyingi huyo ni mfanyakazi mzuri sana aliyechoka. Dalili ya mapema ni kukubali zamu za ziada ili awe na mgonjwa yuleyule. Mfawidhi azikatae zamu hizo. Aweke pia utaratibu ulioandikwa wa kukabidhi dhamana kwa mwingine, ambao muuguzi anaweza kuuomba bila kujieleza mbele ya wenzake, na mgonjwa wa muda mrefu anapofariki, mhusika wake asipewe mwingine wa muda mrefu wiki hiyohiyo. Akae na mfawidhi au mtu mwenye ujuzi wa kusikiliza ndani ya siku chache. Kumtunza mtu siku 40 kisha kumfunga macho ni kazi inayoacha alama, na wodi isiyolijua hilo itawapoteza wahusika wake bora mmoja baada ya mwingine.

Kwa daktari, kikwazo ni mazoea tu: humuuliza aliye karibu. Njia rahisi kuliko mikutano yote ni ubao wa kitandani wenye majina matatu kwa herufi kubwa, mhusika na wenza, na utaratibu kwamba raundi haianzi katika kitanda hicho kabla aliyeshika mgonjwa hajasoma lengo la wiki kwa sauti. Inachukua sekunde 30.

Kuanza

Usianze wodi nzima. Chagua vitanda 4 hadi 6 vilivyo pamoja na wauguzi wanaojitolea, watosheleze kuviendesha bila kuazima kila siku. Tenga miezi mitatu ya maandalizi: karatasi ya mipaka ya maamuzi, vikundi vya ratiba, fomu ya mpango isiyozidi ukurasa mmoja, na mafunzo ya siku mbili yakifuatiwa na mazoezi kitandani, ambapo kila mhusika anaandika mipango mitatu na kurudishiwa maoni. Usiuanzishe mwezi mmoja na mfumo mpya wa kompyuta, wala msimu ambao nusu ya watu wako likizo.

Kabla ya siku ya kwanza, hesabu hali ilivyo. Chukua mafaili ya wagonjwa 20 waliokaa zaidi ya saa 72 na uhesabu kila mmoja alihudumiwa na wauguzi wangapi tofauti. Hicho ndicho kipimo cha kwanza, na kisipochukuliwa mwanzoni hakitapatikana tena kwa uaminifu. Cha pili ni sehemu ya zamu zilizofunikwa na mhusika na wenza wake. Zikifika nusu mnaanza vizuri, theluthi mbili ni kazi nzuri. Cha tatu ni mipango iliyoguswa ndani ya saa 72 zilizopita. Vidonda vya mgandamizo, mirija iliyong'oka bila kupangwa na siku za kukaa kwenye mashine vifuatiliwe pia, ila kwa vitanda sita vitapanda na kushuka kwa bahati miezi mingi kabla ya kuonyesha mwelekeo, na asiyejua hivyo huufuta mradi mwezi wa tatu kwa sababu ya wagonjwa wawili.

Kila wiki mtu mmoja apite vitandani bila taarifa na kumuuliza aliyeshika mgonjwa maswali mawili: nani mhusika wa mgonjwa huyu, na lengo lake la wiki hii ni nini. Jibu lije bila kufungua faili. Wakijibu jina lakini si lengo, mmebadilisha ubao tu, na mafunzo ya kuandika mpango yarudiwe. Wakijua lengo lakini si jina, mpango unafanya kazi ila ratiba imewasambaza mno.

Mgonjwa anapohamishiwa wodi ya kawaida, mhusika aandike muhtasari wa ukurasa mmoja kwa wauguzi wanaompokea, hasa yale yasiyo kwenye fomu ya daktari: anavyomeza, anavyoogopa, alichofikia katika kukaa na kutembea, nani wa kumpigia simu katika familia. Ndani ya siku mbili apite kumwona mara moja, katika muda wa kazi uliowekwa kwenye ratiba. Usipowekwa kwenye ratiba, hataenda, kwa kuwa saa hiyohiyo kitandani kwake kutakuwa na mgonjwa mwingine aliyepokewa alfajiri.